Mkia Uliokatwa

Haya, nakutegea kitendawili, nawe usikimbilie kunipa mji: watoto mia wa mama mmoja, kila mmoja na mkia wake, ikatwe mikia, wote huitwa kwa jina la mmoja. Ni nini? Fikiri huku nikikusimulia.

Chuo cha wauguzi nje kidogo ya Bolgatanga, kaskazini mwa Ghana, kilikuwa na mtandao mwembamba kama uzi wa buibui. Atanga, fundi wa kompyuta, akaweka mashine ya kuhifadhi nakala: ukurasa ukishafunguliwa mara moja hubaki humo, na anayefuata hupewa nakala papo hapo. Lakini picha ileile ya moyo, kila aliyeiomba, anwani yake ilikuja na mkia tofauti wa herufi na namba baada ya alama ya kuuliza, na mashine ikadhani ni picha nyingine. Atanga akaiandikia amri ya mstari mmoja: kila anwani, kuanzia alama ya kuuliza, kata. Ehee! Kurasa zikawa zinafunguka kufumba na kufumbua. Akasifiwa, na sifa zikamvimbisha kichwa.

Kisha matokeo ya mtihani yakatoka. Anwani ilikuwa moja kwa wote. Namba ya mwanafunzi ndiyo iliyokuwa mkiani. Wa kwanza kufungua alikuwa Ayinpoka, naye alikuwa amefeli. Kila aliyefungua baada yake akakuta hayohayo: Ayinpoka, amefeli. Wanafunzi mia na ishirini, jina moja.

Bwaloni, Dery mpishi, Mdagaaba, akamrukia Atanga kwa ule utani wa makabila yao, wa kugombea kichwa cha mbwa.

"We Mfrafra! Ingekuwa kugawa kichwa cha mbwa, kila mtu angepata chake!"

Siku nyingine Atanga angemjibu mpaka ugali wa tuo upoe bakulini. Leo aliinama tu. Alikwisha kujua kosa limetoka wapi. Ile amri alikuwa ameifuta kimyakimya, na mkuu wa chuo, Madam Lamisi, alipomuuliza, alisema, "Madam, huenda kuna mtu kaichezea mashine."

Mtu! Neno likaenda kutafuta wa kumkalia. Kufika saa nane mchana chuo kizima kilikuwa kinasema ni Ayinpoka: kafeli, kaona afiche matokeo ya wenzake. Madam Lamisi akamwita ofisini, na Atanga akaitwa awe shahidi.

Barua ya kumfukuza ilikuwa mezani, bado sahihi tu. Ayinpoka hakulia. Alimgeukia Atanga.

"Kaka Atanga, wewe ndiye unayezijua hizi mashine. Kufeli nimefeli, sikatai, na watu wote wameshaona. Lakini hili jingine nimelifanyaje?"

Atanga akatazama viatu vyake. Alivipiga rangi asubuhi, ili apendeze akipongezwa.

"Mjibu basi," akasema Madam. "Kafanyaje?"

Aibu ilimpanda Atanga kutoka nyayoni, ikamfika masikioni yakawaka moto. Binti wa watu alikuwa bado anamtazama, bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kufundishwa.

Madam akashika kalamu.

"Hajafanya kitu, Madam," akasema Atanga, na sauti haikufanana na yake. "Amefungua matokeo yake tu. Mkia niliukata mimi."