Sahani Jike

Kondo ndiye aliyezipa majina. Sahani hizo za plastiki zilitoka kwenye belo la mitumba pale Kivinje, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, na muuzaji alidhani ni za kulia wali. Mwalimu Eusebio, aliyewahi kuuona chuoni mchezo wa kuzirusha, alizinunua zote. Akasimamisha mti uwanjani, akafunga tenga, juu yake akaning'iniza minyororo mibovu ya baiskeli. Sahani ikigonga minyororo na kudondokea tengani, umepata.

Zile nyembamba na ngumu, zinazokata upepo, Kondo aliziita madume. Zile nene na laini, za kutupia karibu, akaziita majike. Uwanja mzima ulicheka, na tangu siku hiyo hakuna kijana wa kiume aliyeshika jike.

Sasa ilibaki nafasi moja ya kwenda Lindi kuuonyesha mchezo. Waliokuwa wakiigombea ni wawili: Kondo, kijana wa Miteja, na Stefania, Mmakonde, mtani wake. Kila mmoja mitupo mitatu, hatua kumi kutoka kwenye mti.

Stefania alitupa jike lake polepole, kama anayempa mtu kitu mkononi. Akapata mara mbili.

Kondo alitupa dume. Minyororo ililia, sahani ikaruka nje.

"Mtani," Stefania akasema, "dume lako linabisha hodi halafu linakimbia."

"Ngoja uone."

Akatupa tena, kwa nguvu zaidi. Ikaruka nje tena, mbali zaidi. Hapo nafasi ikawa imekwenda, na kila mtu alijua.

"Malizia wa tatu," alisema Mwalimu Eusebio. Kisha kwa sauti ya chini, "Mkono wako una hasira, Kondo. Sikukatazi hasira. Tafuta sahani inayoimeza."

Kondo aliinamia mfuko. Mkono ulijua unachotaka kabla yake: ukingo mnene uliojaa kiganjani, plastiki iliyobonyea kidogo chini ya kidole gumba. Nyuma yake kicheko kilianza. Alikifahamu, yeye ndiye aliyewafundisha kukicheka.

Hakubadili mtupo wake. Aliurusha ule ule, mkavu, wa kifundo cha mkono. Jike likagonga minyororo, likanywea, likalala tengani.

Kicheko kikakatika. Moja kwa mbili.

Stefania alimsogelea, safari hii bila utani. "Ungeanza nalo, ningebaki hapa."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Kondo aliitoa sahani tengani, akaigeuza, akaipangusa vumbi kwa shati. Alikuwa na majibu mengi, mengine yenye vina kabisa, ya kuchekesha uwanja.

"Nimefungwa na mdomo wangu," akasema. "Wewe umepita njia tu."

"Nikupe pole?"

"Nipe nafasi nisimame hapo. Nataka kulizoea hili jike."

Stefania akasogea. Kondo akahesabu hatua kumi, akatupa, akalifuata, akarudi.