Kitambaa Kilichoanguka

Mjomba, mwenye kituo chetu cha kuosha magari, alisema binamu yangu aking'arisha boneti ya gari jeusi bila mkwaruzo, mashine ya polishi itakuwa yake. Mimi, niliyemtangulia kazini mwaka mzima, nilikuwa ndani ya gari nikisugua dashibodi na mazulia, wivu ukinila.

"Bingwa wa mazulia, uko hai humo?" binamu alinitania.

"Angalia kazi yako."

Kupitia kioo cha mbele nikaona kitambaa kikimponyoka na kuanguka mchangani. Pale kwetu, kitambaa kikigusa chini ni cha matairi tu, maana punje moja ya mchanga huchora rangi. Yeye alikikung'uta, akakipaka nta. Nikausubiri ule mkwaruzo kwa hamu iliyonitisha.

Mkono wake ulipokaribia boneti, nikapiga honi. Akaruka.

"Hicho cha matairi, ndugu yangu," nikamwambia.

Akakitazama, akakitupa, akachukua kingine.

Saa sita mjomba alimkabidhi mashine. Nilimpa mkono. Boneti ilikuwa safi kama kioo, nami nikajiona humo, nimenuna vilevile.