Betri Mia kwa Mia

Siku ya tatu ya msiba wa mama nilimfukuza mdogo wangu mbele ya watu. "Umemuua mama, toka!" Shangazi akanishika mkono, nikamsukuma. Kitinda, ndivyo tulivyomwita tangu utotoni kwa kuwa ndiye wa mwisho, akavaa viatu vyake akaondoka. Sasa ni mwaka na miezi minne.

Nina mdomo, sikatai. Lakini siku ile nilikuwa na hakika zangu, na ngoja niwaeleze nilizitoa wapi.

Mama alikuwa mgonjwa wa mapafu, anapumua kwa mashine ya oksijeni chumbani kwake. Umeme ukikatika mashine inahamia kwenye betri, na betri ikikaribia kuisha lazima mtu awahi kumuunganisha kwenye mtungi wa oksijeni. Mimi na Kitinda, sote mafundi wa programu za mashine ndogondogo, tukatengeneza kisanduku cha kuichunga betri hiyo na kupiga kengele, chenyewe kikiwa na kibetri chake. Mimi niliandika kiini, yaani sehemu inayoamua nini kifanyike na wakati gani. Kiini hakigusi vyuma. Kinauliza tu: saa inasemaje, betri imebaki kiasi gani? Wa kujibu ni safu ya chini, funksheni kumi na moja, yaani vipande vidogo vya programu, zinazojua kuzungumza na chipu yenyewe, na hizo zilikuwa za Kitinda. Tulipanga orodha ya funksheni hizo kwenye meza ya jikoni, sharti likawa moja: wa juu hachungulii ya chini, wa chini hagusi ya juu. Kwa jinsi tulivyokuwa tukigombana, bila mpaka tusingemaliza.

Mchana mmoja umeme ukakatika. Kitinda alikuwa ametoka kwenda dukani. Mimi nilikuwa sebuleni, na kila nikichungulia mlangoni naona taa ya kijani na maandishi: betri mia kwa mia. Nikasema mama amelala, acha apumzike. Masaa matatu nilimwacha apumzike. Nilipoingia na chai, mashine ilikuwa imezima kitambo, kisanduku bado kinasema mia kwa mia, na mama ameshakuwa baridi.

Kusoma betri ni kazi ya safu ya chini. Nimlaumu nani mwingine? Nikakifungia kisanduku kabatini, sikutaka hata kukiona.

Mwezi uliopita zahanati moja ikaniomba visanduku vingine. Chipu ya zamani haitengenezwi tena, ikabidi nihamie mpya, na ukihama chipu kiini kinabaki vilevile. Safu ya chini ndiyo inayoandikwa upya. Safi kabisa, nikasema, nitafuta uzembe wote wa yule binti. Nikaandika zote kumi na moja bila kufungua hata faili lake moja: ya saa, ya kuzuia kiini kisikatizwe, ya kuhama kutoka kazi moja hadi nyingine, ya kengele, ya betri. Wiki mbili, mgongo unaniwaka. Asubuhi ya kujaribu nikaunganisha betri iliyokwisha kabisa.

Mia kwa mia.

Nikatukana. Nikabadilisha waya, nikaweka betri nyingine mbovu. Mia kwa mia. Hapo nikaziweka waya chini, maana kule chini hapakuwa tena na mstari hata mmoja wa Kitinda. Yote yalikuwa yangu.

Nikafungua kiini. Sikutafuta sana. Pale pa kuuliza betri, hakikuuliza mtu. Kilijijibu chenyewe mia. Pembeni nimeandika kwa mkono wangu: "Ya muda tu, mpaka Kitinda amalize ya kwake." Nikakumbuka. Kipimo cha betri kilikuwa hakijafika, nami nilikuwa na haraka ya kuona mfumo unawaka. Mafundi wa kazi hii wote hufanya hivyo, na wote huapa watatoa kesho yake.

Ndipo nikafungua faili lake. Funksheni ya betri ilikuwa pale, nzima, nzuri kuliko yangu. Juu yake ameandika: "Dada, hii tayari. Nimeijaribu mara ishirini. Sasa toa ile mia yako."

Nililia mpaka jirani akaja kugonga. Nikamwambia nimemuua mama. Maskini, akadhani nimechanganyikiwa, akaniletea maji.

Nikampigia Kitinda. Akapokea. Nikamweleza yote, huku nikirudia nisamehe, nisamehe, mpaka pumzi zikaniishia.

"Najua, dada," akasema.

"Unajua nini?"

"Niliangalia kiini chako siku ileile aliyofariki mama."

"Sasa mbona ulininyamazia? Mbona uliniacha nikutukane mbele za watu?"

"Ulikuwa huli, hulali. Nikaona ukijua wakati ule tutazika wawili."

Nilikaa chini sakafuni. "Rudi nyumbani, mdogo wangu. Nakuomba. Nitamwambia shangazi, nitawaambia wote."

"Waambie. Lakini mimi sirudi."

"Kitinda..."

"Kubeba lawama niliweza, dada. Nilichoshindwa ni kwamba uliamini palepale. Hukusita hata kidogo. Nikasema atatulia, ataniita. Nimekungoja mwaka mzima uniite, na leo umeniita kwa sababu kosa si langu."

Ndivyo ilivyokuwa. Akaniuliza kama nimekula. Nikadanganya kwamba nimekula. Akasema vizuri, akakata simu.