Mlango Uliofungwa kwa Ajili ya Kiyoyozi

Abdulsalam ana adabu kiasi cha kukera. Nasema hivi nikiwa nampenda, na mpaka leo sijaona wa kumlinganisha naye katika mji wote huu wa Guangzhou. Lakini ukweli usemwe, adabu yake ile nusura ituponze sote.

Yeye ni Mzanzibari, ajenti wa mizigo. Kwa miaka mingi alikuwa na meza ghorofa ya chini katika jengo kuukuu la maduka ya jumla pale Sanyuanli, karibu kabisa na mlango wa metro. Meza, mizani ya kupimia marobota, viti vya plastiki na birika la chai ya tangawizi, hiyo ndiyo ofisi. Ukitaka kupeleka mzigo Dar au Unguja unampa yeye, anauchanganya na mizigo ya wenzio mpaka kontena lijae. Jinzi zangu zote ninazonunua Xintang hupitia mikononi mwake kabla ya kufika dukani kwangu Kariakoo, na haijatokea hata suruali moja kupotea. Hebu nitajie ajenti mwingine wa namna hiyo.

Ila meza ile haikuwa ya mizigo tu. Mtu anayetoka nyumbani kwa mara ya kwanza, simu yake ikitua China inageuka kuwa tochi. Laini hana, zile programu za kutumiana ujumbe hazifunguki, na maandishi ya ukutani hayamwambii kitu. Ndiyo maana watu wa Kariakoo na Darajani huelekezana kwa mdomo kabla hawajapanda ndege: shuka metro Sanyuanli, toka nje, ingia jengo la kwanza, yule mwenye kofia ya viua ndiye Abdulsalam. Hata mimi Najat mwenye mdomo huu niliingia hivyo hivyo, naburuta sanduku lililovunjika gurudumu, nalia. Hakuniuliza jina. Alinipa kiti, akanimiminia chai, akanipa simu yake nimpigie mama. Mama alipoitika nikashindwa kusema. Abdulsalam akaichukua ile simu akamwambia, "Mama, mtoto kafika salama, yuko kwetu." Yuko kwetu! Na mtu mwenyewe hata ukoo wangu haujui. Namshukuru kwa neno lile kila ninapolikumbuka, na ninalikumbuka sana.

Basi mwaka jana wakaja wenye jengo na mabango yao. Jengo linafumuliwa, wakasema, linafanywa la kisasa. Metro nayo inafunguliwa mlango mpya utakaomtoa abiria moja kwa moja ndani ya maduka, kwa ngazi za umeme, bila hata kuonja jua. Wakaanza kutoboa. Vumbi likatujaa puani, mashine zikalia kutwa, na kila wiki duka fulani la jumla likahama na mahali pake pakachorwa picha ya msichana anayekunywa chai baridi yenye vijibonge vya muhogo. Ati hiyo ndiyo starehe ya mjini sasa. Mimi muhogo nimeula Buguruni mpaka nikauchoka, kumbe nilikuwa nakula anasa.

Lakini wenye jengo hawakuwa watu wabaya, lazima niseme. Walitangaza kuwa wapangaji wa zamani watatengewa nafasi ghorofa ya chini, upande ule ule wa mlango mpya wa metro. Sharti lao lilikuwa moja: kila mpangaji apande mwenyewe ofisini kwa meneja, ghorofa ya pili, achague sehemu yake kwenye ramani kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwezi ule mimi nilikuwa Xintang nahangaika na fundi aliyenishonea zipu kombo. Nilirudi Sanyuanli siku ya mwisho yenyewe, nikamkuta Abdulsalam amekaa mezani pake, anakunywa chai.

"Kaka Abdulsalam, umechagua sehemu gani?"

"Bado, dada."

"Bado vipi? Si leo mwisho?"

"Nshakwenda," akasema, taratibu kama kawaida yake. "Juzi nimekwenda, jana nimekwenda, na leo asubuhi nimekwenda. Nabisha hodi mara tatu, siitikiwi, narudi."

Nilimtazama nikidhani ananitania. Hakuwa anatania.

"Unabisha hodi? Kwa Wachina?"

"Mlango umefungwa, Najat. Ukibisha mara tatu usiitikiwe, unarudi. Ndivyo tulivyofunzwa chuoni, tukisoma Kurani. Huwezi kumvamia mtu kwake."

"Pale si kwake, ni ofisini! Na mlango umefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, haukufungwa kwa ajili yako!"

Nilipiga kelele mpaka watu wakageuka. Sasa nisieleweke vibaya, mtu huyu si mjinga. Anazungumza bei na mabosi wa viwandani, anatoa makontena bandarini, hadanganyiki. Ila kwa malezi yake, kimya cha mwenye nyumba nacho ni jibu. Pengine hajavaa vizuri, pengine wanagombana na mumewe, pengine amechoka tu na watu. Unaondoka bila kinyongo, unarudi kesho. Sisi wengine tuliolelewa Buguruni tunabisha hodi tukiwa tumeshakaa mkekani. Nilimshika mkono, nikamkokota kwenye ngazi, na pale juu nikausukuma ule mlango kwa bega.

Ndani baridi tupu, na watu wamejaa! Kila aliyetaka nafasi alikuwa amejiingilia tu. Meneja, msichana mmoja wa nywele fupi aitwaye Liang, alikuwa anakula tambi huku anajibu simu. Nikamweleza kwa Kichina changu cha sokoni. Akamtazama Abdulsalam, akaweka vijiti chini.

"Huyu nimemwona kwenye kamera," akasema. "Kila siku anasimama mlangoni, anasema na mlango, halafu anaondoka. Nilidhani anatafuta choo."

Watu wakacheka. Sikucheka mimi. Nikauliza nafasi. Liang akageukia ramani ukutani, akapitisha kidole ghorofa ya chini, sehemu hadi sehemu, na zote zilikuwa zimepakwa rangi. "Meiyou," akasema. Hakuna. Neno hilo kila mfanyabiashara wa kwetu analijua kabla ya kujua kusema asante. Pale ilipokuwa meza ya Abdulsalam palikuwa pameandikwa jina la duka la chai. Kilichobaki kilikuwa ghorofa ya nne, upande wa nyuma, kupita stoo za wafagizi.

Ghorofa ya nne! Mgeni gani kutoka Tandika, asiye na laini, atapanda ghorofa ya nne kumtafuta mtu nyuma ya stoo? Wasipomwona hawatampa mizigo, na asipopata mizigo hana kazi. Nilimwambia Liang hayo yote. Akasikitika, nilimwona akisikitika kweli, lakini ramani ilikuwa imejaa. Na Abdulsalam akafanya nini? Akaweka mkono kifuani, akainama kidogo, akamshukuru kwa muda wake. Nilitamani kuzimia.

Tukishuka ngazi akaniambia, "Basi, dada. Labda Mungu ananiita nyumbani. Nitamaliza kontena hili lililo njiani, kisha n'tarudi Unguja."

Alisema bila kulalamika, na hilo ndilo lililoniumiza. Kama angelaani, ningelaani naye, tukapoa. Nilikwenda kwangu nikalia, nikamwomba Mungu anionyeshe njia, kwa sababu mimi sikuiona.

Asubuhi yake nikarudi kumsaidia kufunga vitu. Jirani yake, Bi Huang, alikuwa anapanga mali yake: viroba, kamba na selotepu za kufungia marobota. Huyu ni mwanamke mtu mzima, mwenyeji wa mji, mfupi, mkali kama siki. Miaka yote ameketi bega kwa bega na Abdulsalam na sijapata kumsikia akimsifu. Kelele zake zilikuwa chai yake imekwisha, redio yake haisikiki, wateja wa Abdulsalam wamemkalia viroba. Alipoona tunafungua mizani akaja, mikono kiunoni.

"Anaipeleka wapi?"

Nikamweleza. Hodi sikujua niielezeje, nikasema tu kwamba alichelewa, kwamba nafasi zimekwisha, na kwamba anarudi kwao.

"Bu xing," akasema Bi Huang. Haiwezekani. Akavaa kandambili zake vizuri, akapanda ngazi.

Hatukujua amekwenda kufanya nini. Tukaendelea kufunga. Mara tukamwona anashuka, amemshika Liang mkono wa shati, na mkono wake wa pili una kipande cha chaki. Akampitisha katikati ya mafundi mpaka mbele kabisa, mkabala na zile ngazi mpya za metro ambazo bado zilikuwa zimefunikwa nailoni. Pale ndipo palipokuwa pake. Bi Huang alikuwa wa kwanza kuingia ofisini siku ya kwanza, hivyo alijichagulia sehemu nzuri kuliko zote, pana, yenye nguzo pembeni ya kuning'iniza mali. Kila mwenye duka alikuwa anamwonea wivu.

Akachutama. Akapiga mstari wa chaki sakafuni, kutoka kwenye nguzo mpaka ukutani, katikati kabisa.

"Huku mimi," akasema. "Huku yeye."

Liang akaanza kueleza utaratibu wa kampuni. Bi Huang akapandwa na hasira akahamia Kikantoni, lugha ya mji wao, ambayo mimi siiwezi, na sidhani kama Liang mwenyewe aliifuata yote kwa kasi ile. Alielekeza kidole mstari, akaelekeza viroba, akaelekeza ile picha ya msichana wa chai. Mwishowe Liang akainua mikono, akacheka, akatoa simu akaupiga picha ule mstari. Atawaambia wakubwa zake, akasema, nao hawatakataa.

Ndipo Bi Huang akanigeukia kwa Kichina cha sokoni. "Mwambie laoban wako," yaani bosi, "asidhani namwonea huruma. Watu wake ndio wanaonunua viroba vyangu. Hawa wanywaji chai watafunga marobota gani?"

Hapo nataka niseme kitu. Mimi ni mfanyabiashara na namjua mfanyabiashara. Viroba na selotepu utaviuza popote Sanyuanli. Hakuna mtu mwenye akili zake anayekata nusu ya duka lililo mbele ya mlango wa metro kwa sababu ya selotepu. Alikuwa anampa mwenzake njia ya kupokea bila kuona haya, basi. Nilimtazama yule mwanamke, chaki imemjaa vidoleni. Mungu amzidishie, yeye na watoto wake.

Nikamtafsiria Abdulsalam. Akautazama mstari. Kisha akaweka mkono kifuani, na nilipouona tu ule mkono unapanda nikajua tumekwisha.

"Mwambie namshukuru sana," akasema. "Mwambie amenitendea wema ambao sitaweza kuulipa. Lakini siwezi kumbana mtu mzima katika riziki yake. Mwambie anisamehe, siwezi."

Bi Huang akaninyooshea kidevu. "Anasemaje?"

Nilikuwa na nafasi ndogo sana ya kufikiri.

"Anasema amekubali," nikasema. "Kwa mikono miwili. Anauliza ahamie lini."

"Leo," akasema Bi Huang, akampiga Abdulsalam kofi la bega, na bila kungoja akaenda kuinyanyua ile mizani upande mmoja. Liang naye, msichana wa watu na viatu vyake vyeupe, akashika upande wa pili. Wakaibeba hadi kwenye mstari wakaitua upande wake.

Abdulsalam akanigeukia. Kichina chake ni cha mizigo na bandari, lakini mizani aliiona inakokwenda.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia umekubali."

Nikajiandaa kusemwa, kwa sababu mpole akikasirika ndiye mbaya zaidi.

"Najat. Leo umenivunjia adabu."

"Ndiyo, kaka."

"Nimekutuma neno, ukapeleka jingine. Mbele za watu."

"Mbele za watu, kaka. Nisamehe. Sitaomba radhi mara ya pili."

Akavua kofia, akaishika mikononi. Mtu huyu sijapata kumwona kichwa wazi, si kwenye msiba, si kontena lilipozuiwa bandarini.

"Mungu akulipe kheri," akasema. "Wallahi, nilikuwa sitaki kuondoka."

Bi Huang, ameinama juu ya mizani, akapaza sauti kuuliza anasema nini tena. Mara hii nikamtafsiria neno kwa neno, sikuongeza wala sikupunguza.