Kilo Elfu Moja na Mia Nne

Ukitaka ugomvi na seremala wa kweli, mwambie plaiwudi nayo ni mbao. Fundi, maana hata mkewe alimwita hivyo, alistaafu bila kuikubali hata siku moja. Basi alipoamua kumjengea mkewe tela la kulala, ili watembee kidogo kabla magoti hayajagoma, alilijenga kama anavyojua yeye: mbao ngumu za inchi mbili, kitanda, meza ya kukunja, na kabati la nguo la milango miwili.

Safari ilikuwa Jumamosi. Alhamisi shemeji yake, kaka wa mkewe, akalivuta tela kwa pikapu yake hadi kwenye mizani ya ghala la nafaka. Alikuwa amekataa katakata lifungwe kwenye kigari cha Fundi kabla ya kupimwa.

Mpima mizani alisoma namba, akafuta miwani, akasoma tena.

"Kilo elfu moja na mia nne. Mmebeba saruji?"

"Liko tupu," Fundi akajibu kwa sauti ndogo.

Kitabu cha gari lake kilisema mwisho wa kuvuta ni kilo mia sita. Fundi alikipekua mbele na nyuma, huenda kuna ukurasa wa huruma. Haukuwepo. Kigari chenyewe alikuwa nacho miaka ishirini na alikisifu mbele za wageni kuliko wanawe, maana kipenda roho hula nyama mbichi.

"Shemeji," akasema mwenye pikapu, "kigari chako kikivuta hili, nyinyi mtafika safari, bampa itabaki hapa na tela."

"Afadhali kigari changu kuliko hilo dude lako. Linatikisa watu mpaka meno."

"Meno yenyewe umebaki na mangapi?"

Mpima mizani akageuka ukutani, mabega yanamcheza. Shemeji alipomaliza kucheka akasema la maana. Ama wang'oe kabati na meza na nusu ya mbao, ama wabadilishane magari. Yeye habebi tena mizigo, kigari kinamtosha.

Fundi hakufikiri mara mbili. Akatoa bisibisi mfukoni.

"Kabati linatoka. Nusu saa tu."

"Halitoki," akasema mkewe, aliyekuja nao kwenye pikapu.

"Mama, ni kabati tu. Nguo tutatia kwenye mifuko."

"Miaka thelathini na tano natia nguo kwenye mifuko! Mtaa mzima una makabati yako. Chumbani kwangu kuna misumari na pazia. Hili ndilo la kwanza umenitengenezea, Fundi. Ukiling'oa, safari nenda na gari lako."

Mfinyanzi hulia gaeni, lakini Fundi hakuwahi kufikiri nani alikuwa akila naye gaeni. Aliona aibu, aibu hasa, mbele ya shemeji na mtu wa mizani. Akarudisha bisibisi, akatoa ufunguo wa gari, akamkabidhi shemeji bila kumtazama. Shemeji akampa wa pikapu bila utani.

Mkewe alikuwa ameshaingia ndani ya tela. Alikuwa akifungua milango ya kabati na kuifunga, bila kuweka kitu.

"Tukirudi," Fundi akasema mlangoni, "nitakutengenezea na la chumbani."

"Fundi," akajibu bila kugeuka, "usiniharibie siku kwa ahadi."