Nusu ya Kidonge cha Njano

Kompyuta ndiyo iliyowatenganisha. Fauzia na Kaluki, majirani wa Mkongani, waliugua saratani ya damu, ile sugu isiyosikia dawa, wakaingizwa pamoja kwenye utafiti wa dawa mpya kule hospitali ya Msambweni. Kompyuta ikawagawa kwa bahati nasibu: Fauzia akapangiwa dawa mbili, kidonge cheupe na cha njano. Kaluki akapangiwa cheupe peke yake. Alielezwa kwamba ndivyo utafiti unavyokwenda, akaitikia kwa adabu, moyo umemvunjika.

Fauzia hakuvumilia. Kila jioni alikikata cha njano kwa kisu cha jikoni, akampelekea jirani nusu pamoja na chapati.

"Meza, shoga. Kula peke yangu mimi sikuzoea."

Kaluki akameza. Asilaumiwe upesi, alikuwa na watoto wadogo, na uhai ulikuwa umeletwa mlangoni.

Mwezi wa tatu wa utafiti Fauzia alikuwa hajiwezi. Kaluki alimshika mkono hadi ndani kwa daktari Nassir, msimamizi wa utafiti, akaketi naye.

"Mama, damu ilikuwa imeanza kusafika," daktari alisema. "Sasa ugonjwa umerudi, nao umeshaizoea dawa. Vidonge unameza vyote?"

"Ninameza, daktari."

"Basi mchanganyiko huu umeshindwa. Nitaandika hivyo."

Fauzia alimfinya Kaluki vidole, akimsihi kwa macho anyamaze. Kaluki alijua akisema, naye atatolewa. Lakini nje pale benchi lilikuwa limejaa wagonjwa wanaoingoja dawa hiyo hiyo, na uongo ulikuwa karibu kuwanyima.

"Hakumeza vyote," alisema. "Nusu ya kile cha njano nilimeza mimi."

Nassir aliweka kalamu chini. Heri angefoka.

"Dawa hizi zinafanya kazi zikiwa kamili, kwa pamoja. Nusu haiuui ugonjwa. Inaupa nafasi ya kuizoea dawa."

"Akirudishiwa kizima je?"

"Tumechelewa, mama. Na kwenye utafiti siwezi kuwabakiza, nyote wawili."

Walitoka nje. Kivulini, Fauzia alimgeukia mwenzake kwa hasira ambayo Kaluki hakuwahi kuiona usoni pake.

"Kwa nini umesema? Ungebaki japo na kile cheupe chako."

Kaluki aliangua kilio mbele ya watu. Njia nzima ya kutoka alikuwa amejiandaa kulaumiwa kwa kummaliza Fauzia, na Fauzia hilo wala hakulitaja.