Mnara wa Abu Sinani

Kaburi la biashara ya Muwafaki lilichimbwa mchana kweupe, naye akalitazama kutoka darini kwake, mikono kiunoni, jasho likimtiririka mpaka nyayoni. Kule mwanzoni mwa kichochoro mashine ilikuwa inatafuna lami, na nyuma yake vibarua walilaza bomba la rangi ya chungwa ambalo ndani yake, watu walisema, utapita uzi wa kioo mwembamba kuliko unywele. Uzi huo! Baghdad nzima iliuzungumzia kana kwamba ni bibi harusi. Haujali dhoruba ya vumbi, hautikisiki kwa upepo, wala hauna haja ya mtu kama Muwafaki kupanda ngazi kuubembeleza.

Juu ya kichwa chake ulisimama mnara wake wa chuma. Kwa miaka mingi ndio uliovuta mtandao kutoka hewani, na kutoka hapo nyaya zilivuka dari kwa dari hadi kila nyumba ya Kichochoro cha Waseremala. Yeye ndiye aliyefunga kile kisanduku chenye taa katika kila sebule. Yeye ndiye aliyechagua maneno ya siri, tena kwa uvivu wa kutisha: kwa kuwa watu wa pale hawamwiti mtu kwa jina lake bali kwa jina la mwanawe wa kwanza, alitumia majina hayo hayo. Kwa Umm Rafal, yaani mama yake Rafal, neno la siri lilikuwa Rafal. Kwa Abu Layth, baba yake Layth, lilikuwa Layth. Watoto wa mtaa walijua yote hayo kabla hawajajua kusoma, na hakuna aliyeona ubaya.

Kazi ile ilitaka zaidi ya mtu ajuaye nyaya. Ilitaka mtu mwenye macho ya adabu. Darini ndiko familia hulala wakati wa joto, ndiko huanikwa nguo zisizostahili kuonwa na mgeni, ndiko wanawake hukaa vichwa wazi wakichambua bamia. Basi kabla hajakanyaga ngazi ya mtu, Muwafaki alipiga makofi na kunadi, "Ya Allah! Ya Allah!" akangoja watu wajisitiri, kisha akapanda akiangalia viatu vyake. Watani walisema Abu Sinani, maana ndivyo walivyomwita, anaijua Baghdad yote kwa vidole vya miguu. Yeye alicheka nao, lakini sifa ile aliithamini kuliko mnara.

Haji Kamil alimjia Jumatatu adhuhuri, katika kile chumba cha chini kilichokuwa duka na karakana. Alikuwa kijana, Makka hajaijua hata kwa picha, lakini watu wa kundi lake wote huitwa Haji, na nani angethubutu kumuuliza alihiji lini? Kundi lilikuwa na bunduki, na ofisi nyuma ya msikiti, na jina ambalo watu hawakulitamka bila kupunguza sauti. Aliegesha gari lake jeupe mlangoni, akaingia, akaketi bila kukaribishwa.

"Abu Sinani, jicho langu, mbona umekonda hivyo? Hawa wachimba mitaro wanakunyima usingizi?"

"Riziki anatoa Mungu, Haji."

"Anatoa Mungu, kweli. Lakini mitaro wanachimba watu, na watu huzuilika." Aliipokea bilauri ndogo ya chai, akakoroga sukari taratibu. "Nikisema mashine isiingie kichochoro hiki, haitaingia. Utakula na mnara wako mpaka uzeeke. Sisi hatuwatupi watu wetu."

Muwafaki alijua mtu wa namna ile hakupi bure hata salamu.

"Na mimi nifanye nini, Haji?"

"Jambo dogo sana." Haji alimwonyesha simu yake. Ulikuwa ukurasa uitwao Tumeona, ambao mtaa mzima uliusoma na mtaa mzima ulikana kuusoma. Juu kabisa palikuwa na picha za Ijumaa iliyopita: kiwanja cha shule ya wasichana, ukuta mpya ambao kundi lilikizungushia, na ndani yake magari meupe ya kundi yamepangwa safu. "Wataalamu wetu wanasema picha hizi zimetoka kichochoro hiki. Nyaya zote za hapa ziko mkononi mwako. Niambie nyumba tu, basi. Jina nitalitafuta mwenyewe. Alhamisi nitapita tena kunywa chai. Chai yako tamu, wallahi."

Akaondoka. Bilauri ilibaki imejaa, hakuwa ameionja.

Hapo ndipo Muwafaki alipokosea. Angeweza kukaa na ujinga wake, kwani mjinga huapa kwa ulimi mwepesi. Lakini hofu ina kiherehere. Alijiambia anachungulia tu, apate kujua ukubwa wa balaa. Akafungua kompyuta, akarudi katika kumbukumbu za mtandao hadi saa ya picha zile, baada tu ya sala ya Ijumaa, wakati kichochoro chote huwa kimelala kwa shibe ya wali. Nyumba zote zilikuwa kimya. Moja tu ilikuwa inatuma mzigo mzito, ikituma na kutuma. Ilikuwa nyumba ya mkabala na yake, mlango kwa mlango. Nyumba ya Sitti Badia.

Alifunga kompyuta haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mtu ndani. Sitti Badia! Mwalimu mstaafu wa jiografia, mjane, magoti mabovu, aliyemfundisha mwanawe Sinani kuchora ramani ya Iraq bila kunyanyua kalamu. Kila sikukuu huwaletea sahani ya kleicha, zile biskuti za tende. Muwafaki alipanda ngazi zote zile macho yakiwa chini, na leo, akiwa ameketi kitini kwake, amemwona Sitti wa watu bila stara. Aliona haya, na chini ya haya ilikuwapo hofu, na hofu ilikuwa nzito zaidi.

Siku mbili zile chakula hakikupita. Gari likipunguza mwendo nje, aliinuka kuchungulia. Na lililomtisha kuliko yote lilikuwa sauti yake mwenyewe ya ndani, ambayo ilianza kumshauri kwa upole: Si wewe uliyepiga picha. Una mke. Una mtoto chuoni Basra. Nyumba tu, si jina. Aliisikiliza muda mrefu kuliko alivyotaka. Usiku alimtazama Widadi, mkewe, akijiuliza kama mtu anaweza kulisema neno moja tu, kisha akaendelea kula kleicha za sikukuu.

Jumatano asubuhi alivuka kichochoro, akasimama chini ya ngazi ya jirani yake.

"Ya Allah! Ya Allah!"

"Panda, Abu Sinani, mimi kizee nani atanitamani!" Sitti Badia alimjibu kutoka juu. Alikuwa ameketi kivulini mwa tangi la maji, kitambaa kichwani, sinia la dengu mapajani. "Kuna nini? Mtandao wangu haujakatika."

"Nimekuja kuukata, Sitti."

Alisema huku akitazama viatu vyake. Mikono ya Sitti Badia ilisimama ndani ya dengu.

"Nimekosa nini?"

"Hujanikosea. Ila uzi wa kioo umefika barabarani. Nenda leo kwenye ofisi ya kampuni, uwe wa kwanza kuandikisha. Mimi nyaya zangu zimechakaa, zinavuja." Alimeza mate. "Hasa siku za Ijumaa, Sitti. Baada ya sala."

Mtaa wa pili jenereta ilikuwa inakohoa. Muwafaki aliona vidole vya miguu vya Sitti Badia vikijikunja ndani ya kandambili.

"Nani mwingine anajua kuwa zinavuja?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Fundi peke yake."

"Na fundi ataulizwa?"

"Kesho."

Sitti Badia aliweka sinia chini. "Abu Sinani, nyanyua uso. Mimi nakuruhusu." Aliponyanyua uso, akaona kwamba na yeye anaogopa, tena sana. "Nimefundisha shule ile miaka yangu yote. Wasichana sasa wanacheza barabarani. Nilidhani nikikaa kimya nitalala. Sikulala." Akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa. "Una mtoto. Ukiulizwa, jibu. Sitakulaumu, hapa wala mbele ya Mungu."

Laiti angemlaani! Ruhusa ile ilimchoma kuliko laana, kwa maana sauti ya ndani ilikuwa imeomba ruhusa hiyo hiyo siku mbili nzima, na sasa alipopewa, aliona kinyaa. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, wahenga walisema, na Muwafaki hakuwahi kuyafikiria maneno hayo mpaka aliposhuka ngazi ile.

Alifuta kumbukumbu zote za kompyuta. Akapanda kwake, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, na kufikia jioni mnara wa Abu Sinani ulikuwa umelala darini vipande vipande. Kichochoro kizima kilipiga kelele, mtandao umekwenda wapi? Watoto walilia. Widadi alimfuata hadi juu.

"Umerogwa wewe? Tutakula nini?"

"Tutakula, Umm Sinani. Kampuni inatafuta mafundi wa kuingiza nyuzi majumbani."

"Uwe kibarua wa watu uliokuwa ukiwatukana juzi?"

"Ndiyo."

Widadi alimtazama vizuri, akaona uso wake, akaacha kuuliza.

Alhamisi Haji Kamil alikuja. Safari hii chai aliinywa.

"Mnara umeushusha. Nilikuahidi kukulinda, na wewe unauvunja?"

"Biashara imekufa, Haji. Maiti haiwekewi mlinzi."

"Na swali langu?"

"Haji, kwa jina la Mungu, kichochoro hiki maneno ya siri ni majina ya watoto. Kila mtu alikuwa anatumia mtandao wa kila mtu. Mpita njia akikaa kibarazani kwa Umm Rafal angeweza kutuma anachotaka. Hata wewe ungeweza, ndani ya gari lako." Maneno yalitoka sawasawa, naye akashangaa kuyasikia. Yalikuwa ya kweli, kila moja.

Haji Kamil alicheka, akacheka kwa dhati, mpaka akapangusa jicho.

"Majina ya watoto! Iraq hii!" Kisha kicheko kikakauka. "Lakini mimi wakubwa wangu hawataki hadithi, wanataka nyumba. Na umeniambia mwenyewe: kichochoro kizima kina mtu mmoja tu aliyekuwa na mnara, mwenye maneno yote, na ameushusha siku moja kabla sijaja." Alisimama, akamshika bega kwa upendo. "Sinani anasoma Basra, sivyo? Uhandisi. Jumapili nitahitaji kuandika jina. Likiwa lako, litakuwa lako, jicho langu."

Muwafaki alibaki amesimama mlangoni muda mrefu baada ya gari jeupe kuondoka. Hakuwa amelipigia hesabu hilo. Kumbe aliyekataa kuuonyesha mlango hugeuka mwenyewe kuwa mlango. Alimpigia Sinani simu, akamwambia aende kwa mjomba wake kijijini, asiulize kwa nini. Sinani akauliza. Akamkatia, kisha akaketi kwenye ngazi, akalia bila sauti ili Widadi asisikie.

Jumamosi alasiri mafundi walimaliza kuingiza uzi katika nyumba ya kwanza ya kichochoro, nyumba ya Sitti Badia. Muwafaki alikuwa ameketi sebuleni, mapazia yamefungwa, aliposikia Widadi akishusha pumzi kwa nguvu. Alikuwa ametumia bando lake la mwisho la simu kufungua ukurasa wa Tumeona.

"Abu Sinani. Hebu tazama. Huu si mlango wetu?"

Ulikuwa mlango wao. Gari jeupe lilikuwa limesimama mbele yake, namba zake zikisomeka wazi, na Haji Kamil alikuwa anatoka, mkono wake bado begani kwa Muwafaki. Chini yake yaliandikwa maneno machache: *Mzee huyu ni fundi tu, hajui lolote. Akipatwa na jambo yeye au mwanawe, mmeshaona aliyemtembelea.* Tayari watu wengi mno walikuwa wameisambaza, na walizidi kila alipopepesa macho.

"Mungu ambariki aliyeandika!" Widadi alisema huku akilia. "Sasa hawatathubutu. Watu wote wameona!"

Muwafaki alikuwa anaitazama picha kama fundi, bila kutaka: mlango ulikuwa katikati kabisa, umepigwa kutoka juu, mkabala, na pembeni kona ya tangi la maji ilikuwa imeingia kidogo. Hapakuhitajika kompyuta wala mtaalamu. Hata mtoto angesimama pale mlangoni, anyanyue uso, na kuiona nyumba picha ilikopigwa.

Na Sitti Badia alijua. Mwalimu wa ramani hawezi kukosa kujua hilo.

Muwafaki alisimama. Hofu haikumpungua hata chembe. Alichukua kiti cha plastiki kutoka karakanani, akafungua mlango, akavuka kichochoro mbele ya watu waliokuwa wamesimama na simu zao mikononi. Akakiweka kiti mbele ya mlango wa Sitti Badia, akaketi, uso wake ukielekea barabarani.

"Abu Sinani!" Widadi alimwita kutoka kizingitini. "Unafanya nini hapo?"

"Nimekaa."

Alimtazama mumewe, akautazama mlango ule, akanyanyua macho mpaka kwenye tangi la maji. Rangi ikamtoka usoni. Kisha akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amevaa abaya yake, na amebeba kiti kingine.